Uliza Maji Kwanza: Mwongozo wa Kemia ya Uhai kwa Vyombo vya Jikoni

Mwanafunzi wa sekondari akifika kwenye mada ya kemia ya uhai hupewa jedwali. Safu ya kwanza wanga, ya pili protini, ya tatu mafuta, ya nne asidi za nyuklia, na pembeni zimeorodheshwa rangi za majaribio: bluu-nyeusi, nyekundu ya matofali, zambarau. Jedwali hukaririwa usiku wa kuamkia mtihani na kusahaulika kabla matokeo hayajatoka. Mimi nakushauri uliweke kando kwanza na ushike swali moja tu: kitu hiki kinaelewana vipi na maji? Ukiwa na swali hilo, iodini ya duka la dawa na vyombo vya kawaida vya jikoni, sehemu kubwa ya mada hii utaiona kwa macho. Mwongozo huu ni wa mzazi anayetaka kumsaidia mtoto, wa mwalimu ambaye maabara ya shule yake ni kabati moja lenye kufuli, na wa yeyote aliyewahi kujiuliza kwa nini tui hukatika.

Kusanya vitu hivi: chupa ndogo ya iodini na nyingine ya spiriti, bomba la sindano lisilo na sindano la kudondoshea matone, glasi angavu kadhaa, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, unga wa ngano na wa mahindi, ndizi mbichi na mbivu, mayai, maziwa, ndimu, karanga, nazi na chumvi. Iodini izimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai kavu isiyokolea. Ukiiacha kali, kila kitu kitaonekana cheusi na hutajifunza lolote. Masharti mawili hayana mjadala. Chochote kilichoguswa na iodini au spiriti hakiliwi, na spiriti haikaribii jiko linalowaka, kwa maana mvuke wake hudaka moto ukiwa bado huuoni.

Maji yenyewe

Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Hazikupangwa kwenye mstari mnyoofu. Zimekaa kwa pembe ya nyuzi 104.5, na oksijeni huvutia elektroni upande wake kuliko haidrojeni. Basi molekuli nzima ina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo. Haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani, na mvuto huo ndio unaoitwa kifungo cha haidrojeni. Kifungo kimoja ni dhaifu na hudumu sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini ndani ya glasi moja viko vingi kupita kuhesabika, na karibu kila tabia ya ajabu ya maji inatokana navyo.

Jaza glasi pomoni, kisha endelea kuongeza tone kwa tone. Maji yatajivimbisha juu ya ukingo bila kumwagika. Nyunyizia pilipili manga iliyosagwa, itaelea. Sasa chovya ncha ya kidole kwenye sabuni ya maji, gusa katikati. Pilipili itakimbilia pembeni papo hapo, na mara nyingi maji yatafurika. Sabuni imejipenyeza kati ya molekuli za juu na kulegeza mshikamano wao. Ikumbuke sabuni hii, kwa sababu tutaihitaji tena kwenye mafuta, na tena mwishoni.

Mshikamano huo una gharama yake ya joto. Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzijoto moja kunataka takriban kilojuli 4.2, kwa hiyo kuyatoa kwenye nyuzijoto 0 hadi 100 ni kama kilojuli 420. Kuyageuza yote kuwa mvuke yakishafika hapo kunataka kilojuli 2,260 nyingine, zaidi ya mara tano. Karibu nguvu hiyo yote inatumika kuzitenganisha molekuli zilizoshikana. Ndiyo siri ya mtungi. Maji hupenya vitundu vya udongo, yanakauka upande wa nje, na yanapoondoka hubeba joto la yale yaliyobaki ndani. Weka mtungi kivulini penye upepo utakunywa maji ya baridi. Upake rangi ya mafuta ili upendeze, umeuua. Jasho hufanya kazi hiyo hiyo, na anayeishi Dar es Salaam anajua jinsi linavyoshindwa mwezi Machi, pale hewa inapokuwa imeshiba unyevu na jasho linatiririka badala ya kukauka.

Suala la maharage kuchelewa kuiva nyanda za juu nalo ni la maji. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzijoto 100, lakini Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa takriban 94, kwani mgandamizo wa hewa ni mdogo na molekuli hupata urahisi wa kutoroka. Kuongeza kuni hakusaidii chochote; moto mkali huyakausha maji haraka bila kuyapandisha hata nyuzi moja. Sufuria ya presha ndiyo inayosaidia, kwani hubana mvuke na kupandisha joto hadi karibu nyuzijoto 120. Magadi pia husaidia kwa njia yake. Huyafanya maji kuwa na alkali, na alkali hulegeza pektini inayozifanya seli za maharage zishikane. Ubaya wake ni kwamba alkali hiyo hiyo huharibu vitamini B1, kwa hiyo anayetia magadi kila siku analipia kuni alizookoa.

Halafu kuna kuyeyusha. Chumvi ni ioni za sodiamu na kloraidi. Maji huizunguka sodiamu kwa upande wake hasi na kloraidi kwa upande wake chanya, yakazichukua moja moja. Mafuta hayana chaji ya kushikwa, basi maji huyaacha. Hapo tayari umeshagawanya ulimwengu wa chakula mara mbili.

Mahali ambapo chumvi imezidi, maji hufuata. Katakata nyanya na vitunguu vya kachumbari, tia chumvi, ondoka robo saa. Ukirudi utakuta bakulini maji ambayo hukuyatia, yametoka ndani ya seli kwa njia ya osmosisi. Papa ng'onda haozi upesi kwa sababu hiyo hiyo: bakteria anayetua juu yake ananyang'anywa maji yake. Na mtoto anayeharisha tunamnywesha chumvi pamoja na sukari kwa kuwa ukuta wa utumbo una milango inayopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji huzifuata. Pakiti ya kliniki ndiyo bora, kwani ina potasiamu pia. Ikikosekana, tumia lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usiongeze sukari ili mtoto aipende. Ikizidi huvuta maji kuyarudisha utumboni na kuharisha kunazidi.

Wanga

Anza na hesabu ndogo. Glukosi ni C6H12O6. Chukua mbili, ziunganishe, ungetarajia C12H24O12. Unachopata ni C12H22O11. Kilichopungua ni H2O: molekuli moja ya maji imetoka pale zilipoungana. Ongeza glukosi ya tatu, maji yatatoka tena. Kwa mtindo huo mmea wa mahindi huunganisha maelfu ya glukosi ukapata wanga. Na yeyote anayetaka kuutengua wanga huo, iwe mbegu inayochipua au utumbo wako baada ya ugali, hana budi kurudisha maji, molekuli moja kwa kila kiungo anachokata. Protini hujengwa na kubomolewa hivyo hivyo. Mafuta pia. Hata DNA. Mwanafunzi akilishika hili, nusu ya lile jedwali imejieleza yenyewe.

Koroga kijiko cha unga wa mahindi kwenye maji baridi. Hauyeyuki, unaelea kidogo, kisha unatuama. Glukosi moja moja ni ndogo na imejaa vikundi vya OH ambavyo maji huvikimbilia, ndiyo maana inayeyuka. Ikishaungwa kwa maelfu na kufungashwa ndani ya chembe ngumu, maji baridi hayapati pa kupenya. Injika jikoni. Ikifika kati ya nyuzijoto 62 na 72 hivi, chembe za wanga wa mahindi hunywa maji, huvimba, baadhi hupasuka, na uji unashika. Anayemwaga unga mkavu kwenye maji yanayotokota hupata madonge: ngozi ya donge huiva mara moja na kuyazuia maji yasifike ndani. Ndiyo sababu mpishi mzoefu hukoroga unga kwa maji baridi kwanza.

Acha uji upoe, kisha dondoshea iodini. Utapata bluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Ndani ya wanga mna aina mbili za minyororo, amilosi na amilopektini, na amilosi hujisokota ikaacha uwazi katikati ambamo iodini huingia na kujipanga. Uji wa moto usiupime. Joto huufungua msokoto, rangi hutoweka, nawe utaandika daftarini kwamba uji hauna wanga. Ukipoa rangi hurudi, na watoto hulipenda jaribio hilo kuliko yote, kwa hiyo liache lirudiwe.

Jaribio ninalolipenda mimi ni la ndizi. Kata kipande cha ndizi mbichi, kipande cha iliyoanza kugeuka njano, na cha iliyoiva hadi ganda likapata madoa. Vipange kwenye sahani, tia iodini kila kimoja, subiri dakika mbili. Cha kwanza kitakuwa cheusi kote. Cha pili kitakuwa na mabaka. Cha tatu kitabaki na rangi ya iodini yenyewe, pengine na vitone vichache tu. Ndizi mbichi ina wanga unaofikia kama asilimia 20 ya uzito wake; ikiiva kabisa hubaki asilimia moja au mbili, uliobaki umeshakuwa sukari. Vimeng'enya vya tunda vimerudisha maji kwenye viungo, kimoja baada ya kingine, bila moto na bila mtu kugusa chochote.

Mate yako yana kimeng'enya cha namna hiyo, amilesi. Gawa uji mwepesi uliopoa kwenye glasi mbili, moja itemee mate kiasi, koroga, ziache zote mbili mahali penye uvuguvugu kwa robo saa. Tia iodini. Isiyo na mate itakuwa nyeusi. Yenye mate itakuwa ya kahawia au haitabadilika. Glasi ya tatu tutaiandaa baadaye, yenye mate yaliyochemshwa.

Kazi hiyo hiyo hufanywa na kimea, na hapa kemia inaingia moja kwa moja kwenye bakuli la mtoto. Uji mzito mtoto mdogo hawezi kuumeza. Ukiuzimua kwa maji, tumbo lake dogo linajaa maji badala ya chakula. Watafiti nchini Tanzania walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba kijiko cha unga wa nafaka iliyochipushwa kikikorogwa kwenye uji mzito wa vuguvugu huufanya kuwa mwepesi ndani ya dakika chache, bila kuongeza tone la maji. Amilesi ya kimea imekata minyororo mirefu iliyokuwa imeushika uji. Ukijaribu nyumbani tumia kimea cha ulezi. Kimea cha mtama lazima kitolewe mizizi na machipukizi yote, kwa kuwa ndani yake mna kampaundi inayotoa sayanidi. Uji ukishalegea, urudishe jikoni uchemke kidogo kabla ya kumpa mtoto.

Pamba, karatasi na kumbi za mahindi nazo kwa sehemu kubwa ni glukosi iliyoungwa kwa maelfu, ila kiungo kimegeuzwa upande. Amilesi haikitambui. Hiyo ni selulosi, na ng'ombe hunufaika nayo kwa kuwa tumboni mwake wanaishi vijidudu wanaoweza kukikata. Kwetu inapita tu, ikisafisha njia.

Sukari zinahitaji maabara. Myeyusho wa Benedict una ioni za shaba za bluu. Sukari rahisi kama glukosi ikichemshwa nao huzipa elektroni, na rangi hupita kijani, njano, chungwa hadi nyekundu ya matofali. Chemsha testityubu ndani ya bikari yenye maji ya moto, usiishikilie juu ya moto, itaruka usoni. Mtego wa mtihani uko kwenye sukari ya chai: ni sukrosi, na Benedict hubaki bluu. Ichemshe kwanza na asidi hafifu ya haidrokloriki ili maji yaingie kwenye kiungo na kuigawa kuwa glukosi na fruktosi, ipooze, tia bikaboneti ya sodiamu mpaka mapovu yakome, ndipo upime. Wanaosahau bikaboneti ni wengi, na Benedict haifanyi kazi kwenye asidi.

Mtu atakuuliza kama iodini inaweza kukuambia asali ni halisi. Itakuambia kama imetiwa wanga, basi. Asali iliyochanganywa na sharubati ya glukosi itakudanganya, na jaribio la kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali linapima wingi wa maji tu.

Protini

Changanya kikombe cha unga wa ngano na maji kidogo, kanda donge gumu kwa dakika kumi, liache lipumzike. Kisha lishike ndani ya bakuli la maji safi na uendelee kulikanda humo humo. Maji yatakuwa meupe kama maziwa. Yamwage, weka mengine, endelea mpaka yabaki karibu angavu. Mkononi utabakiwa na kitu cha kijivu kinachovutika na kurudi. Uliokwenda na maji ni wanga. Utie iodini uone. Kilichobaki ni gluteni, protini ya ngano, ambayo ina sehemu nyingi zisizopatana na maji, kwa hiyo imeyakataa ikashikamana yenyewe kwa yenyewe. Rudia kwa unga wa mahindi uone donge lote likisambaratika. Sasa huhitaji kuambiwa kwa nini chapati ya mahindi matupu haikunjiki.

Protini huundwa na asidi za amino za aina 20, zikiungwa kwa utaratibu ule ule wa kutoa maji kila kiungo. Baadhi hupenda maji, baadhi huyachukia, na mnyororo ukiwa ndani ya maji hujikunja: zinazoyachukia hujificha ndani, zinazoyapenda hubaki nje. Umbo hilo ndilo linaloipa protini kazi yake. Ute wa yai ni maji karibu asilimia 90, uliobaki karibu wote ni protini zilizojikunja vizuri, ndiyo maana unapitisha mwanga. Weka ute kidogo kwenye glasi tatu. Ya kwanza itie kwenye maji ya moto, ya pili kamulia ndimu nyingi, ya tatu mimina spiriti. Zote zitageuka nyeupe, ya ndimu taratibu kuliko nyingine. Joto, asidi na pombe ni vitu vitatu tofauti, lakini kila kimoja kimeikunjua mikunjo, sehemu zilizokuwa zimefichwa zikatokeza na kunasana. Huwezi kuzirudisha. Maziwa yakikamuliwa ndimu hukatika kwa njia inayokaribiana: asidi inapofika pH ya takriban 4.6, kaseini hupoteza chaji zilizokuwa zikiitenganisha, ikaganda. Bakteria wa mtindi hufanya hivyo polepole kwa asidi ya laktiki.

Sasa ile glasi ya tatu ya jaribio la mate. Chemsha mate dakika chache, yapooze, yachanganye na uji mwepesi, subiri robo saa, tia iodini. Nyeusi. Amilesi ni protini, na umbo lake likishaharibika haliwezi kukata kitu. Usimwambie mtoto jibu kabla; mwache alinganishe glasi tatu, atalifikia mwenyewe.

Kwenye maabara protini hupimwa kwa bayureti: sodiamu haidroksaidi kwanza, kisha salfeti ya shaba hafifu, tone moja moja, huku ukitikisa. Zambarau inatoka kwa shaba kushikana na viungo vya protini. Ukimwaga shaba nyingi, bluu yake itaifunika zambarau. Jaribio hili usilifanye jikoni. Sodiamu haidroksaidi ndiyo ile kostiki ya watengeneza sabuni, inayochoma ngozi na macho, na salfeti ya shaba ndiyo mrututu wa wakulima, ambao ni sumu.

Jambo moja kuhusu namba za protini kwenye pakiti. Kwa kawaida protini haikupimwa moja kwa moja. Ilipimwa naitrojeni kwa mbinu aliyoibuni Johan Kjeldahl nchini Denmark mwaka 1883, ikazidishwa kwa 6.25, kwa kuwa karibu asilimia 16 ya protini ni naitrojeni. Mbinu ni nzuri mpaka apatikane mlaghai. Mwaka 2008 nchini China maziwa yaliyozimuliwa kwa maji yalitiwa melamini, kemikali ya viwandani iliyojaa naitrojeni, ili vipimo vionyeshe protini ya kutosha. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita wakafariki.

Mafuta

Sugua karanga kwenye karatasi ya kaki na uweke tone la maji pembeni yake. Baada ya nusu saa doa la maji limekauka, la mafuta lipo na linapitisha mwanga. Jaribio la pili: ponda karanga ndani ya spiriti, tikisa, acha ituame, kisha mimina ile sehemu angavu kwenye glasi ya maji. Utatokea ukungu mweupe, kwa sababu mafuta yaliyokuwa yameyeyuka kwenye spiriti yamekutana na maji yasiyoyataka, yakajikusanya kuwa vitone. Spiriti ya asilimia 70 hufanya kazi kwa uvivu. Ya asilimia 90 na zaidi ndiyo inayofaa.

Molekuli ya mafuta ni gliseroli iliyoungwa na asidi tatu za mafuta, ambazo ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Minyororo ya mafuta ya nazi mingi imenyooka, inapangika karibu karibu, nayo huganda chini ya nyuzijoto 24 hivi. Kwa hiyo chupa ile ile iliyo majimaji Tanga itakuwa imeganda asubuhi ya Julai Arusha, wala hakuna aliyekuuzia bandia. Minyororo ya alizeti ina mikunjo, haipangiki, na mafuta hubaki majimaji kote kuwili.

Tui ni vitone vya mafuta ndani ya maji, kila kimoja kimevishwa koti la protini na fosfolipidi. Fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili isiyoyataka, hivyo hukaa mpakani. Moto ukizidi bila kukoroga, protini za koti hukunjuka, vitone vinaungana, mafuta yanapanda juu: tui limekatika. Wapishi wa pwani huanza na tui jepesi, hukoroga bila kuacha mpaka lichemke, na kasimile huitia mwisho kwa moto mdogo. Sabuni nayo ina kichwa na mkia. Mikia huzama kwenye grisi ya sufuria, vichwa vinabaki nje vikishikana na maji, na grisi inaondoka. Na utando wa kila seli yako ni tabaka mbili za fosfolipidi, mikia ndani, vichwa nje. Sabuni haiulizi kama mafuta ni ya sufuria au ya seli.

Nyuzi nyeupe

Ponda nusu ya ndizi mbivu. Itie kwenye nusu glasi ya maji yenye kijiko kidogo cha chumvi, ongeza vijiko viwili vya sabuni ya maji, koroga taratibu bila kutoa povu, iache dakika kumi. Chuja kwa kitambaa safi. Chukua maji hayo kidogo kwenye glasi nyembamba, kisha mimina spiriti iliyokaa kwenye friji usiku kucha, ikiteremka polepole ukutani mwa glasi ili ielee juu. Usitikise. Baada ya dakika chache, pale vimiminika viwili vinapokutana, kitatokea kitu cheupe chenye nyuzi ambacho unaweza kukiviringisha kwenye kijiti.

Kuponda kumevunja kuta za selulosi. Sabuni imeyeyusha tando za fosfolipidi. DNA, ambayo ni asidi ya nyuklia, ina fosfeti zenye chaji hasi, ndiyo maana inaelewana vizuri na maji. Sodiamu ya chumvi imezituliza chaji hizo, na spiriti, ambayo DNA haiyeyuki ndani yake, ikaitoa. Kwa haki ya mambo, kile kilichoko kijitini si DNA peke yake: kimeshikana na pektini na protini za ndizi. Friedrich Miescher, aliyeitenga kwa mara ya kwanza mjini Tübingen mwaka 1869 kutoka usaha wa bandeji za hospitali, naye hakuipata safi. Umbo lake la minyororo miwili iliyosokotana lilitangazwa na James Watson na Francis Crick mwaka 1953, wakitumia pia vipimo vya eksirei vya Rosalind Franklin. Ndani ya seli moja ya mwanadamu uzi huo ukinyooshwa unafikia kama mita 2.

Kusafisha ni rahisi. Spiriti iliyobaki izimue kwa maji mengi kabla ya kuimwaga. Vyakula vilivyotiwa iodini vifukie, kuku wasivifikie. Madoa ya iodini kwenye sahani, vidole na hata kitambaa hayahitaji kusuguliwa: saga kidonge cha vitamini C, kiyeyushe kwenye maji kidogo, paka. Vitamini hiyo huipa iodini elektroni ikageuka iodaidi, isiyo na rangi. Kwa sababu hiyo hiyo usipime wanga kwenye kitu kilichokamuliwa ndimu, la sivyo iodini itapauka kabla haijaufikia.